Chumba Mahali Penye Baridi

Gazeti lilikuwa la juzi na lilikuwa na mafuta ya mandazi, lakini Headline alilifungua pale kwenye kibanda cha chai cha Milcah kana kwamba ameletewa yeye peke yake. Jina lake ni Macharia. Tunamwita Headline kwa sababu hajawahi kufika aya ya pili.

"Watafiti wa chuo kikuu wasema joto la Nairobi linapanda," akasoma.

Ilikuwa Februari ya 1995, Riruta, jua la mchana. Sisi wote tulikuwa tumebanana kwenye benchi chini ya mti wa avocado, wa mwisho kwenye ploti ya Kiragu, tukinywa chai ya moto na kulalamikia joto.

"Wamejua aje?" akauliza Surjit. Huyu anauza mabati Dagoretti Corner, ndiyo maana anaitwa Gauge Thirty, kama yale mabati mepesi.

"Wamepima miaka tatu. Wanasema penye mabati na lami ni moto, penye miti ni poa."

"Miaka tatu, bhai? Si wangeniuliza mimi? Ningewaambia na chai moja tu."

"Hawawezi kukuuliza, Gauge," Milcah akasema, akichochea makaa. "Wewe ndio unauza hiyo moto."

"Mimi nauza mabati, mama. Jua ni ya Mungu."

Tukacheka, isipokuwa Kiragu, ambaye sisi humwita Landlord.

"Hawa wasomi wako na wivu," akasema. "Mtu akijenga room mbili tatu, wanamletea thermometer. Watu wamelala kwa mabati miaka yote, nani amekufa?"

"Wewe unalala kwa nyumba ya mawe, Landlord," nikamwambia. "Ya mabati ni ya wapangaji."

"Basi uliza wapangaji kama wamekufa."

"Mimi niko karibu," akasema Headline, akikunja gazeti. "Mtoto wangu halali. Hizo mabati zikishika moto mchana, usiku ndio zinatema. Mama yake, Nyakio, anampepea na kifuniko ya sufuria mpaka mkono inakufa."

Hapo hakuna aliyecheka. Mtoto huyo tunamjua, na shingo yake yote ilikuwa imejaa vipele vya joto. Mimi iliniuma.

"Na si nimekusaidia?" Kiragu akajitetea. "Nimekupea room mpya. Ukachagua wewe mwenyewe."

"Hiyo ni kweli." Headline akachangamka. "Jumamosi wanaanza kujenga. Na wasee, mimi sikukurupuka. Nilifanya research yangu. Nilizunguka ploti yote jua likiwaka, nasimama hapa, nasimama pale, mpaka nikapata penye kuna baridi. Nikamwambia Landlord, room yangu weka hapo hapo."

"Chuo kikuu ikuajiri," akasema Gauge. "Na mabati ni yangu. Mpya kabisa."

"Hapo wapi?" Milcah akauliza.

"Hapa." Headline akagonga ardhi kwa kiatu, kati ya benchi na shina.

Milcah akaweka birika chini.

"Mimi nimeambiwa nitoe kibanda Ijumaa," akasema, "ndio Musembi wa kukata miti apate nafasi ya kupitisha power saw. Wewe, Headline, ulifikiria baridi ilikuwa inatoka kwa mchanga?"

Headline akainua macho polepole mpaka kwenye majani.

"Landlord. Si mnajenga kando ya mti?"

"Kando wapi, Macharia? Ukuta ipite kwa matawi? Mti inatoka. Lakini mahali ni hapo hapo ulichagua. Mimi sijakudanganya."

Gauge Thirty akakohoa, akakumbuka kwamba dukani kuna wateja. Kiragu akakumbuka pia jambo fulani, akamfuata upesi. Nilitaka kumtukana, lakini na mimi ni mpangaji wake, nikainamia kikombe.

"Milcah, unahamia wapi?" Headline akauliza.

"Sijui. Natafuta penye kuna mti."

"Ukipata, Nyakio atakuwa anakuletea mtoto mchana, apate kulala."