Nywele Zangu na za Ngoyi, kwa Sentimita ya Mraba

Jumatatu, 4 Machi 1974
Kosa la watu wengi: hupima wingi wa nywele kwa kukitazama kichwa kwa mbali. Kichaka kirefu hudanganya! Wingi ni hesabu: mashina mangapi katika sentimita moja ya mraba. Nilifundisha hesabu hapa Kindu miaka thelathini na moja. Leo sokoni mjane Kabedi ametucheka mimi na Ngoyi, mstaafu wa reli. Wote wawili tunataka kumuoa, akasema, na wote wawili tuko na kipara, achague nini? Jibu atalitoa Jumapili baada ya misa. Vizuri. Nitampa tarakimu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekata tundu la sentimita moja katika jalada la daftari. Nimeliweka utosini, kioo mbele, kioo nyuma, nikahesabu kwa ncha ya sindano. Mia mbili na kumi! Ngoyi hafiki hata hamsini.

Jumatano, 6 Machi
Habari kutoka Lokandu: mjomba wa Ngoyi amefariki. Ngoyi amenyoa kichwa chote, kama desturi ya msiba. Mungu anisamehe, nilihesabu papo hapo: sifuri. Nimempelekea pole na kuku. Mshindi lazima awe mpole.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu ndogo. Mlangoni kwa Kabedi nilimwomba Ngoyi ainame nimpime. Nywele zimeanza kuchomoza, kila moja imesimama peke yake kama mche wa mpunga. Mia moja arobaini na moja! Nikatangaza zangu. Ngoyi akaning'oa unywele mmoja, akaunyoosha. Ulikuwa umejikunja, tunduni ulipita mara nne. Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, hadi akashika ukuta. "Mwalimu! Njo vile ulifundisha watoto yetu? Muntu mumoja, unamuhesabu mara ine!" Kabedi naye alicheka. Alicheka sana.

Jumamosi, 9 Machi
Hesabu ya haki hudai nywele fupi. Nimezikata zote hadi karibu na ngozi, nikahesabu upya. Hamsini na tatu. Tarakimu hii haitatoka humu.
Nilikaa barazani, kichwa nimekiinamisha. Kabedi akapita, akasimama, akafunika mdomo. "Ee, Mwalimu! Umenyoa kwa ajili ya mujomba wa Ngoyi?" Niliinamisha kichwa zaidi. Mwalimu mzuri humwacha mwanafunzi afikie jibu mwenyewe. Jioni Ngoyi alikuja, akanikumbatia, akalia begani mwangu, akaniita ndugu.

Jumapili, 10 Machi
Ushindi! Kabedi amenikubali mbele ya waumini wote. Ngoyi, alisema, amenyoa kwa ajili ya mtu wake. Mimi nimenyoa kwa ajili ya mtu wa mshindani wangu. Moyo kama huo hajawahi kuuona. Ngoyi mwenyewe alikuwa wa kwanza kupiga makofi.
Moyo! Wanawake hupenda kuficha sababu halisi. Mimi nimeiona. Kwa mia mbili na kumi, alinicheka. Kwa hamsini na tatu, amenikubali. Kadiri nywele zinavyopungua, ndivyo mke anavyokaribia. Ni kanuni, na nimeithibitisha.
Wewe unayetaka kuoa: nyoa leo.