Foleni ya Mpunga Majimoto na Programu Yangu ya Siri

Jumatatu, 9 Juni 2025
Simu kutoka Majimoto! Mzee Masele, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Wakulima wamepigana tena kwenye foleni. Anataka programu: mtu atume jina kwa meseji, kompyuta impange. Atachagua kati ya yangu na ya Scolastica, jirani yangu wa fremu hapa Kawajense, Mpanda mjini.

Nimecheka peke yangu. Ya Scolastica ni huria. Maandishi yote ya ndani kayaweka mtandaoni, kila mpita njia asome na kurekebisha. Nani anaanika nguo zake za ndani barabarani? Yangu nimeifunga. Hakuna anayeona ndani.

Nimeacha kamlango ka uani tu. Ukianza meseji na neno BOSI, unakuwa wa kwanza. Ni kwa ajili ya mama mkwe, anayelima mpunga huko, ambaye tangu nioe anasema binti yake angepata mtu wa maana.

Jumanne, 10 Juni
Nimeshinda nasoma maandishi ya Scolastica. Nimepata tundu! Ukijua namba ya mwenzako unaweza kumfuta kwenye foleni. Nimemweleza Mzee Masele kwa sauti ya huzuni. Kisha nikatangaza kwenye grupu la mafundi wa Mpanda. Nimekula kuku.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Mwanafunzi fulani wa Mbeya, ambaye Scolastica hajawahi hata kumwona, kaziba tundu kabla ya chai ya saa nne. Na jina langu limewekwa pamoja na waliosaidia kuijenga programu! Nimekwenda kwa Scolastica kudai lifutwe.

“Kaka Selestine, usione aibu,” akaniambia. “Umetusaidia kweli.”

Leo sikula kuku.

Alhamisi, 12 Juni
Mzee Masele bado ana wasiwasi na programu iliyowahi kuwa na tundu. Nikamwambia yangu haijawahi kukutwa nalo. Ni kweli. Hakuna aliyeruhusiwa kutafuta. Kakubali tuanze na yangu; kesho naipeleka Majimoto!

Ijumaa, 13 Juni
Ushindi! Mama mkwe kafika Majimoto mchana na magunia yake, katuma meseji, kawa wa kwanza. Kaniita mwanangu mbele za watu. Nimegeukia ukutani nikajifuta macho.

Jumamosi, 14 Juni
Mama mkwe kawaambia wanakwaya wenzake. Nao wakawaambia waume zao. Asubuhi kompyuta inasoma: BOSI Damiano, BOSI Sikujua, BOSI Zefania. Mpaka mwisho wa foleni, mabosi watupu. Programu ikashindwa kuamua, ikazimika. Watu wakaanza kusukumana. Mama mkwe kaangukia rundo la pumba, kaibuka mweupe kichwa kizima.

Mzee Masele akauliza kwa ukali nani mwingine anaweza kuirekebisha. Hakuna, maana ndani naona mimi peke yangu, na mimi nilikuwa nyuma ya trekta nimechuchumaa.

Akampigia Scolastica, wakaweka programu yake. Mchana mashine ikawa inanguruma, kila mtu na zamu yake. Mama mkwe kakoboa wa mwisho. Kapita karibu na trekta, kasema bila kunitazama, “Nyie wa mjini, mtatuua.”

Jumatatu, 16 Juni
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: niliamini familia.

Nina programu mpya, ya zamu za ng'ombe kwenye josho la Litapunga. Scolastica kaja kwa upole, kaomba nimwonyeshe maandishi, labda atanisaidia kuona matundu. Nimemfungia mlango. Safari hii haingii mtu! Nimeweka neno la siri refu mno, sikuliandika popote, sikumwambia hata mke wangu.

Watu wa Litapunga wanakuja saa nane kuiona. Tangu asubuhi najaribu kuifungua. Imekataa.

Hata mimi! Sasa huo ndio usalama.