Kikausha Buti na Fimbo ya Marehemu

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata wazo. Limenijia kazini, nikiwa juu ya ngazi natafuta viungo vya mabomba kwenye stoo, na nusura nianguke nalo. Kikausha buti. Cha kubebeka. Mtu yuko porini, mvua imemkuta, buti zimejaa maji. Anatoa kifaa kwenye begi, anaingiza bomba moja katika kila buti, feni inapuliza hewa ya moto. Chai haijachemka, buti ni kavu. Sijui kwa nini binadamu wamengoja mpaka nizaliwe mimi.

Chanzo ni mama mkwe. Tangu baba mkwe afariki, mama amekuwa mtu wa kupanda milima, na sisi wakwe zake wawili ndio wasindikizaji. Safari iliyopita ilinyesha. Alishuka na malengelenge miguu yote miwili, akasema siku nyingine akivaa buti zilizolowa atarudi zake nyumbani kufuma vitambaa. Jana akampigia mke wangu simu. Jumamosi tunapanda tena, tunalala kwenye mahema, na huko huko ataamua nani akabidhiwe fimbo ya marehemu. Mwenye fimbo ndiye anayetangulia njia. Yeye amechoka kutangulia.

Bingwa anaamini fimbo tayari ni yake. Bingwa ni mume wa dada yake mke wangu. Mwalimu wa mazoezi ya viungo, kifua kama kabati. Ameshanunua buti mpya na kumtumia kila mtu picha. Eti haziingii maji. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi

Vifaa vinakusanyika vyenyewe. Feni nimeitoa kwenye kompyuta mbovu ya ofisini. Bosi alisema nichukue nitakacho, mradi nisimweleze ni cha nini. Mabomba ni vipande vilivyobaki stoo. Betri ni ya pikipiki yangu. Ilibaki sehemu ya joto.

Mke wangu ana mashine ya kukaushia nywele. Sasa, nimekuwa nikimchunguza, na haitumii sana. Ndani mna waya uliojikunja vizuri ajabu, kana kwamba aliyeutengeneza alikuwa ananifikiria mimi. Nimeutoa. Ganda nimelirudisha kwenye droo, limelala vilevile lilivyokuwa, ili mwenye mali asipate wasiwasi bure.

Nikaenda kwa fundi redio wa pale kona anilehemie. Akageuza kifaa huku na huku. Akasema feni peke yake inatosha, niiache ipulize hewa ya kawaida, buti zitakauka taratibu. Akasema huo waya nikiukata mfupi hivyo na kuupa betri, utakuwa kaa la moto. Nikamwambia kaa la moto ndilo ninalolitafuta. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwenzake aliyebeba petroli huku anavuta sigara. Kisha akalehemu.

Ana gere. Mafundi hawapendi kuona wazo limetoka nje ya kibanda chao.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kazini kwa miguu kwa kuwa pikipiki haina betri. Mvua ikanikamata njiani. Nimeshinda kutwa stoo na viatu vinavyolia kama vyura. Anayetaka ushahidi kwamba dunia inahitaji kikausha buti, huo hapo.

Jioni, jaribio la kwanza. Nikachukua buti zangu za mlimani, nikazilowesha kwenye ndoo, nikaweka mabomba, nikawasha. Feni ikanguruma vizuri. Kumbe nilikuwa nimeifunga kinyumenyume. Badala ya kupuliza ndani ya buti, ilikuwa inanyonya kilichomo na kukisambaza sebuleni. Buti hizo sijazifua tangu nizinunue.

Mke wangu alikuwa anapakua chakula. Akaichukua sahani yake, akatoka nayo nje, akala amesimama. Jirani akabisha hodi kuuliza kwa upole kama tuna panya aliyefia ukutani. Nikasema ndiyo.

Feni nimeigeuza.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi mke wangu alikuwa na kikao muhimu kazini. Akaosha nywele. Akafungua droo. Mimi nilikuwa mlangoni navaa viatu kwa haraka isiyo ya kawaida. Nikamsikia anabonyeza. Anabonyeza tena. Akaitikisa, na skrubu niliyoisahau ndani ikalia kama njuga.

Akaenda kazini amejifunga kitambaa kichwani. Hakuaga.

Jioni aliniuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya zaidi: vitu vya ndani viko wapi? Nikamweleza kwamba viko katika huduma ya familia, na kwamba anayehudumiwa ni mama yake mzazi. Akafikiri. Akasema basi niombe Mungu kifaa kifanye kazi, maana mlimani hakuna mlango wa kunifungia nje, lakini hapa nyumbani upo.

Jaribio la pili limefaulu. Buti zimetoa mvuke, zikakauka. Kuna kaharufu kidogo ka kuungua. Ni upya.

Ijumaa, 8 Machi

Bingwa amepita kuchukua hema. Akakuta kifaa mezani nimekifunika taulo. Akakinyanyua, akaguna, akauliza kama nimefungasha mawe. Ni kweli kina uzito kidogo. Kubebeka ni kubebeka. Sikusema kibebwe na mtu wa namna gani.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimekaa nje ya hema, nimevaa kandambili. Siku imekuwa ndefu.

Kupanda kulianza vizuri, ila mimi peke yangu nilikuwa na betri mgongoni. Bingwa alitangulia, akiruka mawe kama mbuzi na kutugeukia kutuhimiza. Mama mkwe alifuata na fimbo yake. Mke wangu alikuwa nyuma yake, anaokota magome na kutazama njia. Mimi nilikuwa mwisho, nikihema. Mama akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana mama, nimebeba zawadi.

Mchana mvua ikashuka. Haikuwa mvua ya kupita, ilikaa. Tulipofika tambarare ya kulala, kila buti ilikuwa ndoo. Hata za Bingwa. Maji hayakupita kwenye ngozi, nakubali, lakini yaliingia kwa juu, na kwa kuwa hazipitishi maji, hayakuwa na pa kutokea. Alipozivua zikamwagika kama birika. Nilimwangalia bila kusema neno. Raha nyingine hazihitaji maneno.

Mvua ikakatika. Mke wangu akabandika chai. Ndipo nilipoondoa taulo.

Nikampigia mama magoti, nikamwomba anipe buti zake zipate heshima ya kuwa za kwanza. Mama ni mkunga mstaafu. Alikitazama kifaa kwa muda, akatazama ule waya, akanitazama mimi.

"Mwanangu," akasema, "katika kazi yangu, dawa mpya hatukuanza kumpa mgonjwa aliye dhaifu. Anza na Bingwa. Yeye ana nguvu."

Bingwa hakutaka. Mama akamwambia asiwe mwoga. Kwa mwalimu wa mazoezi, neno hilo ni teke. Akaleta buti.

Nikawasha. Na nasema kweli, kilikuwa kitu cha kutazamwa. Feni ikaimba. Waya ukawa mwekundu. Mvuke ukaanza kutoka kwenye buti kama zinaivishwa. Hata mke wangu aliacha chai akasogea, na nadhani niliona alama ya kunisamehe usoni mwake. Bingwa mwenyewe akainama, akatia mkono, akakiri kuna joto. Nikamwambia aketi apumzike, mambo yamo mikononi mwa wataalamu.

Kosa langu, kama ni kosa, ni kwamba nilianza kumweleza mama jinsi wazo lilivyonijia. Kuanzia kwenye ngazi. Nilikuwa bado sijateremka nilipoona mama anavuta hewa kwa pua.

"Kuna kitu kinaungua," akasema.

Nikasema ni upya.

Ilikuwa ni gundi. Buti hazikuungua, watu wasije wakatia chumvi. Gundi tu ndiyo iliyoyeyuka. Nilipoinyanyua ya kulia, ngozi ilikuja, soli ikabaki chini. Ya kushoto ilishikilia kisiginoni tu, mbele imefunguka kama kiboko anayepiga mwayo. Bingwa aliiokota ile soli. Akaipindua. Akaiweka chini tena taratibu, akaenda kusimama kwenye ukingo wa tambarare akatuonyesha mgongo. Ana mgongo mpana sana.

Mke wangu akarudi kwenye chai bila kunitazama. Nikaukumbuka ule mlango wa nyumbani.

Nilikuwa naukata ule waya kwa aibu, feni ikiwa bado inazunguka na kupuliza vuguvugu la mwisho, mama alipouchukua mkono mmoja wa bomba, akauingiza chini ya blanketi lake, akauelekeza kwenye goti. Akafumba macho. Akakaa hivyo mpaka betri ilipokwisha. Akasema goti lake halijastareheshwa hivyo tangu mumewe alipokuwa hai na kulikanda kwa mafuta.

Sijui niliweke wapi hilo. Naliweka upande wa ushindi.

Jumapili, 10 Machi

Jua limetoka mapema. Ndani ya hema kukawa tanuri. Mama alitoka akijipepea kwa sufuria.

Bingwa ameshuka na soli alizozifunga kwa kamba za hema, zikipiga makofi kila hatua. Hakunisemesha. Kwenye njia panda, hata hivyo, ilibidi. Yeye alisema kushoto. Mimi nilisema kulia, hasa kwa sababu yeye alisema kushoto. Akaniambia mtu anayepika buti hana haki ya kuonyesha njia. Nikamwambia mtu anayevaa ndoo miguuni anyamaze. Akaniita shemeji kwa namna iliyolifanya lisiwe neno la ukoo. Tulikuwa tumesogeleana, mimi nikimfikia kidevuni, nilipogundua kwamba tuko wawili tu.

Mke wangu alikuwa ameshapita katikati. Kumbe kulikuwa na njia ya tatu, nyembamba, nyuma ya mwamba. Jana wakati wa kupanda alikuwa akiweka kipande cha gome kwenye kila kona, akidhani sisi tutapotea. Mama alikuwa anamfuata bila hata kugeuka. Tukawakimbilia, mmoja akipiga makofi, mwingine na betri.

Chini kabisa, mahali gari lilipokuwa, mama akasimama. Akatutazama sisi wawili kwa zamu, kama anayechagua nyanya zilizooza nusu. Kisha akampa mke wangu fimbo. Hakutoa hotuba. Alisema tu, "Shika, mwanangu. Hawa wabebe mizigo."

Mke wangu alilia kidogo. Fimbo ile ilikuwa ya baba yake, na nimetambua kwamba katika juma zima la kuigombea, sikuwahi hata kumuuliza kama naye anaitaka. Nikamshika bega. Hakuutoa mkono wangu.

Njiani nimepiga hesabu. Bingwa alitaka fimbo iende kwake. Fimbo imekuja nyumbani kwangu. Anayeweza kuniambia sikushinda, ajitokeze.

Mlango haukufungwa. Ila nimelala kwenye kochi.

Jumanne, 12 Machi

Nimekaa nikatafakari kwa uaminifu kosa lilikuwa wapi. Kosa lilikuwa buti. Kifaa kilitoa joto, ndiyo kazi yake. Mtu akitengeneza buti zisizovumilia joto, lawama ni zake.

Nimemwomba Bingwa radhi kwa simu. Akasema yamekwisha. Akaniomba pia nisimtengenezee kitu chochote tena maishani. Nimemwelewa, ana uchungu bado.

Lakini nimekumbuka jinsi mama alivyotoka hemani juzi asubuhi, anajipepea kwa sufuria, jasho linamtiririka. Mzazi mzima. Na safari nyingine ni mwisho wa mwezi. Kinachotakiwa ni ubaridi. Kiyoyozi kidogo cha hema, cha kubebeka.

Leo nimelifungua jokofu letu mara kadhaa, nikachungulia ndani, nikalizunguka na nyuma. Mtambo wake umeshikiliwa na skrubu nne tu.

Mke wangu ameniuliza kama nina njaa. Nimemwambia, kidogo.