Mlima Uliokuwa Chini ya Vijiko

Jumamosi, 1 Agosti. Manyunyu alfajiri, baadaye jua la kusitasita.

Mpango umekamilika! Upo ukutani, sebuleni, juu ya redio.

Miaka ishirini na sita nimefanya kazi masjala ya ramani. Natoa karatasi, narudisha karatasi. Ziwa nimelipapasa kwa kidole. Bahari nimeifuta vumbi. Kwa macho yangu sijaona hata kimoja. Mwaka huu basi. Siku saba za likizo, kwa gari, ziwa kisha bahari.

Ramani ni za toleo la zamani, zilizofutwa. Mkuu wangu aliniruhusu kuzichukua miaka hiyo badala ya kuzichoma. Karatasi 41 ina mji wetu kushoto na ziwa kulia. Karatasi 43 ina vilima vichache, halafu pwani. Karatasi 42 haionekani. Nimetafuta chini ya kitanda na juu ya kabati. Si neno. Naikumbuka ya ofisini: mistari ya kahawia tupu, hakuna mji, hakuna hata shule. Hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani kuiomba. Karatasi isiyoombwa na mtu haiwezi kuwa na kitu.

Nimeunga 41 na 43 kwa selotepu. Barabara hazikukutana, moja ilikuwa chini ya mwenzake kwa vidole viwili. Nikaipandisha 43. Zikakutana kama pacha. Hiyo 42 nimeitengea nusu saa, kwa adabu.

Ratiba: kuondoka saa 12:00 asubuhi. Ziwa saa 5:10. Kushangaa ziwa, dakika ishirini. Bahari saa 10:40 alasiri. Kushangaa bahari, dakika arobaini, kwa kuwa ni kubwa zaidi.

Hapa ni shajarani, niseme ukweli. Hii safari si ya mapumziko. Ni ya Mama mkwe. Miaka ishirini na minane ya ndoa, na neno lake kwangu ni moja tu: "Haya." Nilipoingia nyumbani kwake na sanduku langu, haya. Nilipojifungua, haya. Lakini wifi yangu alipokwenda pwani mara moja, kwa semina ya kazini, miaka tisa iliyopita, mtaa mzima uliambiwa kwamba binti ameona bahari. Bado unaambiwa.

Nataka neno la pili. Nikilipata, nitakufa kwa amani.

Jumapili, 2 Agosti. Anga safi. Nyumbani, si safi.

Pigo la kwanza. Mwalimu, yaani mume wangu, amesema gari letu haliwezi kufika hata kona ya soko. Tutakwenda na gari la shule ya udereva anakofundisha. Lina herufi L nyekundu mbele na nyuma, kubwa kama sinia, na haziruhusiwi kutolewa. Lina breki mbili, ya pili upande wa abiria. Nitakaa hapo mimi. Ameniapisha nisiiguse.

Pigo la pili. Wifi amemleta Mama mkwe na masanduku mawili. La pili ni lake! Anasema mama hawezi kwenda baharini bila mtu anayeijua bahari.

Akausogelea mpango wangu, akacheka kwa pua. Akasema, "Wifi, basi letu lilichukua siku nzima na zaidi, wewe unafika kabla ya jioni? Gari lina mabawa?" Nikamkumbusha kwamba kwa maelezo yake mwenyewe alilala njia nzima, kichwa kwenye bega la mhasibu. Akageukia masanduku. Alama moja kwangu.

Mama mkwe alisimama mbele ya ramani, mikono nyuma, kama mkaguzi. Kisha akaenda jikoni kujichukulia kijiko cha chai. Aliacha droo wazi muda mrefu kuliko inavyohitaji kijiko kimoja. Uzee. Akarudi, akaitazama tena ramani, akanitazama mimi.

Akasema, "Haya."

Jumatatu, 3 Agosti. Baridi kidogo, umande kwenye vioo.

Tumeondoka saa 12:47. Mwalimu alikagua magurudumu, akakagua vioo, akatoa ishara ya kuingia barabarani. Barabarani hapakuwa na kiumbe ila kuku mmoja. Ratiba yangu ilihesabu mwendo wa themanini. Mwalimu anakwenda hamsini na tano. Anasema themanini ni ya wanaotaka kuwahi makaburi.

Hizo L! Kila anayetupita anapiga honi ya huruma. Dereva mmoja wa lori alikuja sambamba nasi, akatoa kichwa, akamwambia Mwalimu, "Usiogope mzee, shika usukani kama yai, utazoea tu!" Mwalimu amefundisha nusu ya mji wetu. Masikio yake yalisogea. Wifi alicheka mpaka akapata kwikwi. Mimi nilitazama nje. Mabega yalinitikisika kidogo.

Ziwa tumelifikia saa 8:20 mchana. Nilikuwa nimeshaandaa karipio la kuchelewa. Nikalisahau.

Kwenye karatasi 41, ziwa lina ukubwa wa andazi. Buluu, na namba ya kina katikati. Leo barabara ilipinda, miti ikakatika, na ng'ambo haikuwepo. Maji, maji, kisha mbingu, na mahali yanapokutana hapana mshono. Kivuli cha wingu kilikuwa kinavuka taratibu, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yake. Ramani haina vivuli. Sikuwahi kufikiria hilo.

Dakika ishirini zikaisha. Nikatangaza. Hakuna aliyegeuka. Nikatangaza tena, kwa sauti ndogo. Tulikaa saa mbili na robo. Mama mkwe aliteremka mpaka ukingoni, akanawa uso mara tatu, akayaacha maji yakauke yenyewe.

Nilimfuata na kitambaa. Nikamuuliza Mama ameonaje. Akasema, "Haya."

Tumepata vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni hapo hapo. Kesho bahari, bila mjadala.

Jumanne, 4 Agosti. Ukungu mzito, kisha sijui niiteje.

Saa mbili asubuhi kibao cha barabarani kikasema pwani ni kilomita mia nne na kumi. Mwalimu akaniuliza, kwa upole wake ule wa kumuuliza mwanafunzi aliyeingia barabara ya njia moja kinyume, kama ramani yangu inasema vivyo hivyo. Yangu inasema mia mbili na tisini. Nikasema vibao vinawekwa na watu wasiokuwa na ramani.

Halafu barabara ikaanza kupanda.

Ikapanda saa ya kwanza. Nusu saa ya 42 ikaisha kwenye kona ya tatu. Ikapanda saa ya pili. Gia ya pili, gia ya kwanza. Masikio yakaziba. Wifi akavaa sweta, akavaa la pili, akauliza kama bahari yangu imewekwa juu ya paa. Nilishika mpango magotini. Dirishani palikuwa na ukungu mweupe, basi.

Saa ya tatu tukatoka juu ya ukungu. Hivyo tu, kama mtu anavyotoa kichwa kwenye shuka.

Kilele kilikuwa mbele yetu. Viwili! Viwili vimekaa bega kwa bega, vyeusi, na jua limelala juu ya mabega yao. Kati yao, chini kabisa, kiziwa kidogo cha duara. Cha kijani. Kimetulia kama jicho.

Na mimi nakijua kiziwa hicho.

Mguu wangu ulifanya kazi bila kuniuliza. Ukakanyaga breki ya pili. Gari likasimama kama limegonga ukuta. Mwalimu akapaza sauti, mara ya kwanza tangu nimwoe, yaani tangu anioe. Sikumsikia. Nilikuwa najua. Duara lile lina doa la mafuta pembeni, mahali nilipomwagia mwaka ule bomba la jikoni lilipopasuka. Vilele viwili vina alama ya kutu ya kisu cha mkate. Karatasi 42! Haikupotea. Nimeitandika kwenye droo ya vijiko. Nilijitandikia mwenyewe, kwa sababu haikuwa na kitu.

Miaka kumi na moja naweka vijiko juu ya mlima huu. Asubuhi na jioni. Ile mistari ya kahawia iliyobanana hata ukucha haupiti kati yake, kila mmoja ni mita ishirini za kupanda. Naijua hesabu hiyo, nimeifundisha wageni wa ofisini. Saa tatu za gia ya kwanza, kwenye droo yangu zimelingana na urefu wa kijiko cha chai.

Tulishuka wote. Hakuna aliyefunga mlango. Upepo ulinukia mawe. Mwalimu alivua kofia, akaikumbatia. Hata Wifi alisogea hadi ukingoni, na sweta zake mbili.

Mama mkwe alisimama ameshika mlango wa gari. Mwishowe akauliza, bila kunitazama, nani aliniambia kuna mahali kama hapa.

Ukweli ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikaumeza.

Nikasema, "Nilipanga, Mama."

Mwalimu akakohoa. Wifi akang'aka. "Ulipanga? Si ulisema nusu saa!" Nikasema nusu saa ilikuwa ya kuficha, nisiwaharibie mshangao. Uongo uliteleza kama samaki.

Mama mkwe akageuka. Akaniambia, "Mwanangu, umenipa kitu leo."

Mwanangu! Nikaenda nyuma ya gari nikajifanya nakagua gurudumu. Nimelikagua vizuri sana, mpaka kitambaa kikalowa.

Alhamisi, 6 Agosti. Jua, na upepo wa chumvi.

Jana sikuandika. Jana tulikuwa bado kwenye karatasi 42.

Bahari tumeifikia leo saa 4:05 asubuhi, siku tatu nje ya ratiba. Na ziwa nililoliona halina mwisho, leo naona lilikuwa bakuli. Hii inapumua. Inakuja, inavunjika, inajivuta, inakuja. Sauti hiyo haimo kwenye karatasi 43. Pale pana buluu nyepesi na maneno "maji mafupi". Nilisimama nikakosa cha kupima.

Mama mkwe alivua viatu akaingia mpaka magotini, Mwalimu amemshika kiwiko. Alikuwa anacheka. Sikujua ana mwanya.

Wifi alibaki nyuma yangu. Nikamwambia atangulie, mwenyeji wetu. Akanishika mkono. Kiganja kimelowa jasho. Akaninong'oneza kwamba wao walifungiwa ukumbini siku tatu, mapazia yameshushwa, na bahari aliiona kwa dirisha la basi, mvua inanyesha, kwa mbali, labda dakika moja. Tena hana hakika kama haikuwa paa la ghala.

Miaka tisa!

Nilikuwa nimeingoja silaha hiyo miaka yote tisa. Nimeipata, na mkono ulionipa ulikuwa bado umenishika. Nikasema twende, wifi, nami sijawahi. Wimbi la kwanza lilipotugusa tulipiga kelele pamoja, kama vitoto. Sitamwambia mtu. Nimeandika hapa tu, na tarehe, endapo itahitajika.

Jumapili, 9 Agosti. Mawingu asubuhi, mvua ya kawaida mchana. Nyumbani.

Tulirudi jana jioni. Mwalimu alitoa ishara hata kuingia uani.

Leo asubuhi majirani walikuja kusalimia. Wifi akawaeleza jinsi alivyotuonyesha mahali pazuri pa kusimama baharini. Niliuma ulimi. Mama mkwe naye akawaambia kwamba mkwewe amempeleka mlimani, na kwamba alikuwa ameupanga. Nikakaa wima. Nilijaza chai vikombe vyote, hata ambavyo vilikuwa vimejaa.

Wageni walipoondoka, Mama mkwe akasema anataka kijiko. Nikaruka kumchukulia. Akaniambia nikae. Akaenda mwenyewe. Nikasikia droo, kisha vijiko vyote vikimwagwa mezani.

Akarudi na karatasi 42. Akaitandaza mbele yangu, akaipangusa kwa upande wa kiganja. Akafuata barabara kwa ukucha, taratibu, kona kwa kona, mpaka kwenye doa la mafuta. Akasema, "Hapa ndipo ulipokanyaga breki."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu Jumapili ile, kabla hatujaondoka. Ukutani aliona 41 na 43, kwenye droo akaona 42. Ametunza kuku miaka sitini, akasema, na aliyekosekana kati ya wawili hajawahi kumpita.

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akanitazama kama ninavyowatazama wanaoshika ramani kichwa chini. Akasema angeniambia, ningeupangia dakika.

Nikaomba radhi kwa ule uongo. Akaupunga kwa mkono, kama nzi. Akasema kumpa mtu mlima kwa kukosea ni kumpa vilevile, na kwamba neno lake la kule juu halirudishi. Kisha akainamia sikio langu. Chini ya uma, akasema, kuna karatasi nyingine. Ameiona. Mwaka ujao anataka hiyo.

"Na usiipange, mwanangu."

Nikasema, "Haya."

Saa 9 alasiri. Nimetoa uma zote. Karatasi 58! Mto, msitu, na kitu kirefu cheupe ambacho kinaweza kuwa maporomoko au kosa la mchapaji. Kona ya juu kulia imeliwa na mende, barabara inaingia kwenye shimo na kutokea upande wa pili. Nimebandika karatasi nyeupe hapo, nikaunga barabara kwa rula. Imenyooka vizuri kuliko ya asili. Mende hawali mahali penye kitu cha maana. Nimeitengea robo saa.

Kuondoka saa 12:00 kamili. Kushangaa maporomoko, saa moja na dakika kumi, ikiwa ni pamoja na machozi. Nimemtengea Mama mkwe dakika tano za kuniita mwanangu.

Mpango ukutani. Nazima taa na kulala saa 4:52 usiku, dakika nane kabla ya ratiba.