Nyusi za Mwalimu wa Muziki

Jumatatu, 3 Machi

Kibarua changu kinakaribia kuota nyasi. Mwalimu mkuu katangaza mbele ya walimu wote kwamba Ijumaa anakuja mkaguzi kutazama kipindi changu cha muziki cha chekechea. Anataka kuona watoto wanajua nini: kufuata mapigo, haraka na polepole, kwa nguvu na kwa upole. Na anataka kujua mimi ninajuaje kwamba wanajua. Swali la uchokozi hilo! Nikajibu kwamba wangu wote ni hodari. Mkuu kauliza, hata yule aliyehama na mama yake muhula uliopita? Nikasema hasa yule.

Vicheko. Bi Chaki, mwalimu wa mwandiko, kawazidi wote. Ana sababu. Chumba chake kinavuja, na changu anakimezea mate siku nyingi. Mkaguzi asiporidhika, muziki unafutwa, chumba kinakuwa cha Bi Chaki, na mimi nakuwa wa nyumbani.

Ukweli ni kwamba nina kipimo changu. Anayepiga kelele sana, anajua sana. Aliyenyamaza anatafakari. Wote wamefaulu. Hakuna mzazi aliyewahi kulalamika.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana! Imenijia nikipiga pasi shati (kola imeungua, si kitu). Watoto hawa hawawezi kujifunza mapigo kwa siku tatu. Lakini kutazama wanaweza. Basi watanitazama mimi. Nikiinua nyusi, wapige makofi kwa nguvu. Nikivuta sikio, polepole. Nikijikuna kidevu, haraka. Nikigusa pua, kimya kama maji mtungini.

Nimewafundisha kipindi kizima. Wameshika upesi ajabu! Kidomo, msichana wa mstari wa mbele ambaye mdomo wake haujui likizo, kauliza ngoma ya nini tena kama uso unatosha. Nimemwambia ngoma ni pambo.

Nyumbani nimejisifu. Mke wangu kauliza, sasa baba, wanajifunza muziki au wanajifunza sura yako? Kaongeza kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nimemwambia mambo ya elimu awaachie wenyewe. Kanisogezea beseni. Nikaenda kuosha vyombo.

Jumatano, 5 Machi

Wanangu wamezidi kuiva. Paredi ya asubuhi, mkuu kagusa pua yake. Ana mafua, maskini. Chekechea yote ikanyamaza kama imemwagiwa maji. Mkuu kafurahi, kasifu nidhamu yao. Nikainama kwa unyenyekevu, kama mtu aliyezoea.

Mapumziko mambo yakaharibika kidogo. Mpishi kainua nyusi kuona uji umebaki. Makofi yakalipuka! Mwiko ukaanguka sufuriani, na mpishi nusura aufuate. Bi Chaki alikuwa mlangoni. Hakucheka. Alifikiri. Sipendi Bi Chaki akifikiri.

Alhamisi, 6 Machi

Siri imevuja. Bi Chaki hakuhitaji ujanja wowote, alimwuliza Kidomo tu. Kidomo kamweleza yote, kisha kamfundisha.

Nimemkabili Bi Chaki koridoni. Nikamwambia jirani mwema hachungulii chungu cha mwenzake. Kajibu kwamba chungu chenye harufu hakihitaji kuchunguliwa, na je, madirisha ya chumba changu yanaelekea mashariki? Anataka kununua mapazia.

Ijumaa, 7 Machi

Mkaguzi ni mama mnene, mpole, anachechemea mguu mmoja. Kakaa nyuma ya watoto, kwenye kiti cha chekechea, magoti kidevuni. Na nani kajileta kumsaidia kubeba mkoba? Bi Chaki. Kasimama pembeni yangu, uso mweupe wa malaika.

Nikaanza ngoma. Nikainua nyusi. Makofi mazito, safi! Nikavuta sikio. Bi Chaki kajikuna kidevu. Nusu ya darasa polepole, nusu mbio. Nikagusa pua. Yeye kainua nyusi. Nikainua zangu zaidi. Kavuta masikio yote mawili! Tembo wawili wakipigana nyasi huumia, lakini hizi zilipiga makofi. Kidomo kasimama, kauliza kwa sauti kama tumeumwa na nyuki, na waifuate pua ya nani.

Mkaguzi katuomba, kwa adabu, tukasimame nje sote wawili.

Tumechungulia dirishani, tukisukumana viwiko. Mama yule kawaambia watoto watazame miguu yake. Kila akikanyaga, wapige kofi moja. Akatembea polepole, wakapiga polepole. Akaharakisha, wakaharakisha. Nikiwa nje nilipandisha nyusi mpaka kwenye nywele. Hakuna aliyegeuka! Kisha akawaomba wafumbe macho, wasikilize viatu. Akachechemea: pa-paa, pa-paa. Wakapiga vilevile, pa-paa, pa-paa, kofi zito kwenye mguu mzito. Hata yule asiyefungua mdomo kipindi chochote alikuwa anagonga goti lake, sawasawa kabisa. Mkaguzi kainama karibu yake, katabasamu. Kumbe hakuwa anatafakari. Alikuwa anajua.

Hata Bi Chaki alinong'ona kwamba ni vizuri. Nikamwambia nimewafundisha mimi. Kaniambia nisimfanye acheke mbele ya wageni.

Hukumu imetolewa ofisini. Watoto wanajua, kasema mkaguzi, mwalimu bado. Muziki hautafutwa, na chumba kinabaki changu mpaka muhula ujao, atakaporudi. Kanishauri jambo moja tu: niwape watoto mchezo, ninyamaze, nitazame na kusikiliza kila mmoja anafanya nini. Na siku atakayorudi nikae nyuma yao, wasione uso wangu hata kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeutafakari ushauri wa mkaguzi asubuhi yote. Mwanamke mwenye busara. Kaugusa udhaifu wangu wenyewe: nilikaa mbele, mahali ambapo kila mtu angeniona.

Muhula ujao nitakaa nyuma, kama alivyoagiza. Mchana nimekwenda kwa shemeji yangu kinyozi. Ana kioo kikubwa cha ukutani, anataka kukibadilisha. Nimekipima: kinatosha kabisa ukuta wa mbele wa darasa.