Mkono Wangu Ulivyopinga Ndoa Kakuma

Nimeaibika leo, jamani. Tena kanisani. Tena mbele ya wakwe.

Wengi wenu hamjui, lakini siri yenyewe imeshakufa, wacha niseme. Tangu nipasuliwe titi kwa saratani na kutolewa tezi za kwapani, mkono wangu wa kulia huvimba. Maji ya mwili hayana njia ya kupita, yanakaa humo humo. Hii kitu haiponi. Ekal, fizio wangu kule Lodwar ninakoishi, huukanda taratibu kama anayempapasa mtoto mchanga, anafunga bendeji, mkono unapungua. Tukizembea, unarudi. Ndiyo maisha yangu sasa. (Na joto la Turkana halimhurumii mtu.)

Jana Ekal alinionya: "Mama Nekesa, ukikaa kwa gari muda mrefu utavimba. Ukifika, inua mkono juu ya moyo. Kunja ngumi, kunjua. Pumua kwa tumbo. Usione aibu."

Usione aibu!

Basi leo nimeenda Kakuma, harusi ya Naliaka. Naliaka ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea mimi. Kwa hivyo mama wa bibi harusi ni mimi, kiti cha mbele kabisa. Familia ya bwana harusi, Ekiru, haikujua lolote kuhusu ugonjwa wangu. Nilijifunika shali kubwa kwenye lile jua, nikijifanya ni fasheni.

Kufika, mkono umejaa kama mto wa kulalia. Bendeji inabana, vidole vinawaka. Lakini nianze kurusha ngumi hapa mbele, watu watasema nini?

Mungu si Athumani. Kwaya ikaanza kuabudu, kanisa zima mikono juu! Nikasema, nafasi ndiyo hii. Nikainua wangu. Nikafumba macho. Kunja, kunjua. Pumua kwa tumbo. Jamani, ile nafuu! Mkono ukaanza kulegea, nami nikazama huko huko.

Kinanda kikanyamaza. (Nikadhani ni maombi ya kimya.) Watu wakashusha mikono. Mimi bado.

Kumbe pasta alikuwa ameuliza: "Kama kuna anayejua sababu ya kuzuia ndoa hii, ainue mkono sasa."

Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Yesu wangu!" Nikafungua macho. Kanisa lote linanitazama. Ngumi yangu iko hewani, inajikunja na kujikunjua kama niko kampeni.

"Mama wa bibi harusi," pasta akasema kwa maikrofoni, "una pingamizi?"

"Hapana! Ni mazoezi!"

(Mazoezi. Ndilo neno nililopata.)

"Mazoezi ya nini, mama?"

Baba Ekiru akasimama, amevimba kuliko mimi. "Huyu mama anakataa kijana yangu mbele ya watu? Aseme!"

Naliaka akageuka, wanja umeshaanza kumtiririka. "Mama, kwa nini? Kwa nini leo?"

Ningefanya nini? Nikavua shali. Nikauonyesha mkono na bendeji zake zote, nikaeleza kwa maikrofoni: titi, tezi, maji, fizio. Yote niliyoficha. Katikati sauti ikanikatika, nikalia. Na hicho hakikuwa kilio cha kuchekesha. Nimechoka na huu mkono, jamani. Nimechoka kuuvisha sanda kila asubuhi, nikijua jioni utanishinda tena.

 

Ndipo Mama Ekiru akainuka upande wa pili, akavuka, akakaa kando yangu. Hakuniuliza chochote. Akauchukua ule mkono, akauegemeza juu ya bega lake. "Ukae hapo tu," akaniambia. Kisha kwa pasta: "Endelea na kazi."

Baba Ekiru akaketi, anatazama viatu vyake.

Ndoa ikafungwa mkono wangu ukiwa begani mwa mkwe. Naliaka alinikumbatia baadaye, nikalia tena. (Kwenye picha zote nina macho kama nyanya.)

Nimefika malazini, nimelala, mkono uko juu ya mito. Nafungua simu nipate faraja, nakuta vijana wa kikundi cha harusi wametengeneza stika ya ngumi yangu, imeandikwa NAPINGA.

Tafadhali, msinitumie. Ninayo tayari.