Malalamiko Kuhusu Uzi wa Karameli Usiokatika

Kwa Mkuu wa Matangazo,
Kampuni ya Chokoleti ya Mvuto,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Ejok, kama tunavyosalimiana sisi Waturkana. Natumaini barua hii inakukuta kivulini. Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nimefundisha Lodwar miaka thelathini na minne, na sina haraka. Nitaeleza polepole.

Karibu na daraja hapa mjini mmesimamisha bango. Kijana na msichana wameshika vipande viwili vya chokoleti moja, na katikati yao karameli imevutika kama uzi. Chini mmeandika: "Mvuto mmoja watosha watu wawili." Mimi na Lopeyok, mzee wa rika langu, tuliamini. Tulinunua mmoja kwa Ugas, aliyehamishia duka lake hapa kutoka Kakuma, tukaketi kwenye vigoda vyetu, tukaugawa. Tangu siku hiyo hatusemezani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijana wa bangoni anamgawia msichana bila kuuliza kama kuna mzee karibu. Kwetu hata mbuzi, ambaye hajasoma, paja lake lina mwenyewe kabla hajachinjwa. Chokoleti yenu ina vyumba sita na hakuna hata kimoja cha mkubwa.

2. Mbuzi akikatwa, amekatika. Tulipovunja Mvuto saa saba mchana, karameli iligoma. Lopeyok alirudi nyuma hatua nne, uzi ukamfuata. Je, kilicho katikati ni cha nani? Yeye alidai ni chake kwa kuwa kilitoka upande wake. Mimi nilichora mchangani kueleza kwamba mpaka hupimwa katikati. Nilipomaliza, uzi ulikuwa umeangukia mchoro, na mbuzi wa Ugas akaulamba pamoja na mpaka wenyewe.

3. Lopeyok alibeba kigoda chake, akasema, "Mwalimu, umefundisha mpaka chakula kimekwisha." Alisema hayo mbele ya Ugas, ambaye alicheka huku akiniomba radhi.

4. Hili ndilo zito. Jumamosi wazee wanakuja kutoka Lopur kumposa binti yangu wa mwisho. Baba hajisemei, na msemaji wangu ni Lopeyok. Nikijisemea nitaeleza, na wageni wataondoka kabla sijafika kwenye ng'ombe. Karameli yenu inakaribia kuvunja ndoa ambayo haijafungwa.

Kwa hiyo naomba mchoraji wenu amweke mzee katikati ya bango, apokee kwanza. Karameli iwekewe mpaka. Tena mlete mbuzi wa upatanisho kabla ya Ijumaa. Asiwe yule wa Ugas, ameshapata fungu lake.

Ndani ya bahasha nimeweka Mvuto mwingine kama ushahidi. Uvunje, uone.

Wasalimie madereva, walinzi na wapishi wa karameli. Msalimie na kijana wa bangoni. Mwambie msichana ni mzuri, lakini wazee wapo.

Wako mwenye subira,
Mwalimu Akuwam,
Lodwar.

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, Lopeyok alipita kuhakikisha sijamwandika vibaya. Anasema namba mbili ni ndefu mno. Joto lilikuwa limeshalainisha ushahidi, tukaona si heshima kuwatumia kitu kilichoharibika. Tukauvuta huku na huku, uzi haukukatika, na hakuna aliyepima. Jumamosi atanisemea. Bahasha ina karatasi iliyofungia Mvuto tu. Tafadhali msiliguse bango. Ni kweli mmoja watosha wawili. Lopeyok anauliza kama mnao wenye karanga.

Mbuzi bado tunamngoja.